Kilimi cha Papa Banza

Siku ya kwanza (Jumatatu), 4 mwezi wa tano

Riveti kumi na sita, kiti kimoja. Umeme ulikatika mbele ya saa tatu, nikatoboa na mukono. Hakuna muntu mu Lubumbashi muzima mwenye anatengeneza kiti cha kukunja sawa miye. Siyo majivuno, ni habari. Nilifika Ndola, nilifika Lusaka, nilikalia biti byabo: binalia sawa mulango ya hospitali. Changu hakilie. Unakaa, unasahau kama kinakunjwa. Njo kazi yenyewe.

Saa tano mama mumoja alishuka mbele ya atelie, karakana yangu. Viatu ya mjini, vumbi ya commune yetu ya Kenya. Jina yake Madame Odette. Yeye njo anatengeneza maonyesho ya mafundi ba zamani, mwezi wa sita, mu salle moja, ukumbi mukubwa kule mjini. Alisikia kama kwangu kuko bunduki ya mbao.

Nikafungua sanduku ya Papa, baba yangu. Kumi na moja, zote. Karatasi ya quartier, ya mutaa, iko juu na muhuri yake, inasema hii ni mbao tupu. Commissaire wa polisi mwenye alitia sahihi aliseka mupaka machozi. Aliandika: haiwezi kuua hata kuku.

Madame akashika ile yenye inafanana na bunduki ya Babeleji, akavuta krosi. Krosi ni kitako cha bunduki, fasi yenye unaegemeza mu bega. Waya ikatoka, tak, ikashika. Akaruka. Akavuta tena. Akaseka sawa mutoto.

Anataka zote. Na anataka maandiko: namna gani bazungu balifikia kutengeneza bunduki fupi yenye kitako kinaingia na kutoka, na namna gani ilifika huku, mupaka mu mbao ya Papa. Kurasa ine.

Nani mwingine anajua ile historia hapa? Nimekula bukari, ugali yetu, ya bantu babili.


Siku ya pili, 5 mwezi wa tano

Papa Banza. Nijaribu kwanza mwenyewe.

Baba yake alikuja na reli, toka upande wa Kabalo. Yeye Papa akaingia kambi, wakati wa Babeleji, akawa fundi wa silaha. Sergent wake muzungu alifungaka bunduki zote mu magasin, gala ya kambi, ufunguo mu mufuko ya kaptula yake. Sasa bajeunes, vijana ba kambi, batajifunza namna gani? Papa akachonga. Mbao ya mulombwa, waya ya lupango, ile ya uzio, na rayon, spoki ya baiskeli. Kila moja ilifunguka na kufungika sawa ile ya kweli. Jeune alijifunza na mbao, akabanwa kidole na mbao. Hakuna risasi, hakuna kifo, kelele ya sergent tu.

Kila krosi mupya yenye ilifika kambi, ao mu gazeti ya muzungu, Papa aliichonga. Mbili ya mwisho nilichonga miye. Ni muzuri kupita yake. Bon, siyo zote mbili. Moja.

Nimeandika ile yote na jasho. Saa mbili, nusu ya ukurasa. Masomo ilinifikisha mwaka wa pili ya secondaire, kiisha tukaachana, miye na yeye, bila ugomvi. Kwa kujiandikia miye peke inatosha. Kwa bantu ba mjini hapana.

Nitaenda kwa rafiki yangu Kabeya, yeye anajua kuandika.


Siku ya ine, 7 mwezi wa tano

Mwalimu Kabeya alikuja na buku yake ya kuandika, akakaa ku kiti chake. Kiko kimoja mu atelie chenye hakuna muntu mwingine anakalia. Nilikitengeneza miguu fupi juu Kabeya mwenyewe ni mufupi. Akikaa ku kiti cha bantu, miguu inacheza mu hewa sawa ya mutoto mu misa.

Alifundishaka shule ya primaire, mwaka wa tano. Sasa iko na mashini ya fotokopi na ordinateur pale karibu na soko, anaandikia bantu barua na CV. Anaishi Naviundu. Ananiita yaya, kaka mukubwa, juu namupita miaka mbili. Miye Muluba wa Katanga, yeye Muluba wa Kasai, basi tangu miaka makumi ine tunatukanana kwa kuseka kila asubuhi mbele ya chai.

Leo alianza yeye:

«Yaya, leta uongo yako, kalamu iko tayari.»

«Andika, kafupi. Na usiharibu, hii ni sayansi.»

Nikasema. Mbele, bunduki ilikuwaka ndefu sawa mwiko ya bukari ya shule. Ilifaa muntu wa kutembea. Kiisha muntu akaingia mu tanki, mu jeep, mu ndege, akaruka na parashiti. Mwiko haiingie mule. Bajeremani, mbele ya vita ya pili, balitoa mbao, balitia fito mbili ya chuma na kisahani ya bega, inakunjwa chini ya tumbo ya bunduki. Bengine bote bakaangalia, bakajikuna kichwa. Baamerika ni bantu ba haraka: waya moja imepindwa, unavuta nyuma, unasukuma mbele, na ukiitoa unasafisha nayo mudomo ya bunduki. Barusi, muji yabo imezungukwa na vita, batu banakufa njaa, balipinda bati na kuilaza juu ya mugongo. Nyuma, bakakamata akili ya Bajeremani, bakaiweka chini ya bunduki yabo ile kila mutoto wa huku anajua. Baisraeli balianza na mbao, kiisha chuma yenye inajikunja mara mbili sawa mukono ya muntu anasali. Batsheki balitengeneza kadogo, waya inalala juu ya kichwa sawa ndevu ya mende.

Na ya Babeleji. Ile ilikuja kwetu. Waya mbili, kuume na kushoto, zinaingia mu bomba pembeni sawa droo ya kabati.

Kabeya aliandika, aliandika. Mara moja aliinua macho:

«Yaya, weye ulisoma wapi hii yote?»

«Mu vidole ya Papa.»

Niliona ile ilimufurahisha. Akaiandika.

Nikamupatia na neno ya Papa, ile alisemaka kwa kila jeune: krosi yenye inalegea wakati umeiegemea ni mubaya kupita kukosa krosi.


Siku ya posho (Jumamosi), 9 mwezi wa tano

Tumemaliza. Kurasa sita, siyo ine. Kabeya alinisomea zote kwa sauti. Mama Béa, bibi yangu wa ndoa, akaacha sufuria, akasimama ku mulango. Alisema hajajua kama anaishi na muntu wa akili hivi. Miaka makumi tatu na tano. Asante, mama.

Kitu kimoja niandike hapa, juu hakuna mwenye anasoma.

Nilitia chumvi. Nilisema kilimi, kale kachuma kenye kanashika waya isirudi ndani, Papa Banza njo alikavumbua. Sergent wake akakachora mu karatasi, akapeleka Bulaya, kiwanda ikakopya. Kabeya akasimamisha kalamu.

«Yaya, ni kweli?»

«Weye andika.»

«Nauliza tu.»

«Miye nasema tu. Andika.»

Kweli yenyewe ni hii. Kilimi cha Papa kilikuwa cha mbao. Mu mwezi wa saba mbao inakauka, tundu inapanuka, waya inateleza, jeune anaegemea na kuanguka na pua. Papa akakata rayon ya baiskeli, akaipinda, akaitia pale. Haikuteleza tena. Bunduki ya kweli, ya chuma, ilikuja na kilimi chake toka kwabo.

Mais lakini, historia bila chumvi ni bukari bila mboga. Na Papa alistahili kitu. Alifanya miaka makumi mbili na mbili mu ile kambi, hakuna hata karatasi moja yenye iko na jina yake.


Siku ya tano, 15 mwezi wa tano

Sanduku imeenda. Madame alituma gari. Kila bunduki nilifunga na kitambaa sawa mutoto anaenda kubatizwa.

Karatasi Kabeya alipeleka mwenyewe, juu miye niko na biti makumi tano ya ndoa. Alivaa koti. Nilimucheka, nilimwambia anafanana na mufungo ya mukate. Alicheka pia. Kidogo.


Siku ya tatu, 27 mwezi wa tano

Baridi imeanza. Vumbi mu meno.

Kabeya hajaja siku kumi. Kiti chake kinanitazama. Nilipita kwake sokoni, akasema kazi mingi, batu ba concours, mitihani ya kazi, CV, CV. Hakuniita kafupi wala yaya. Aliniita Papa Déo, sawa ya kliya, muteja.

Labda bibi yake ni mugonjwa. Nitatuma Mama Béa na mboga.


Siku ya ine, 4 mwezi wa sita

Hapana. Hapana, hapana.

Madame Odette aliniita mjini nitengeneze waya moja yenye ilipindika. Salle muzuri, ukuta nyeupe, bunduki ya Papa mu vioo, taa juu yao. Nilikaribia kulia. Kiisha nikasoma etiketi. Nasoma polepole, nikafikiri nimekosea. Nikasoma mara ya pili na kidole.

«Maandiko na utafiti: Professeur Kabeya. Mbao: fundi mumoja wa Kenya.»

Fundi mumoja. Muntu wa mbali atasoma, atafikiri nilitoka Nairobi.

Nikaomba kurasa. Zote sita ziko pale ukutani, kubwa. Mwiko ya bukari ya shule, iko. Ndevu ya mende, iko. Neno ya Papa juu ya krosi yenye inalegea, iko, na juu yake imeandikwa «methali ya kambi». Na kilimi: «kilivumbuliwa na mafundi ba kwetu». Mafundi ba kwetu! Jina ya Papa haiko. Hata fasi moja haiko. Nilitafuta Banza mupaka macho ikauma.

Madame akauliza kama niko sawa. Nikamwambia ni vumbi. Nikatengeneza waya. Muzuri, sawa siku zote.


Siku ya tano, 5 mwezi wa sita

Nilienda kwake sokoni mbele afungue. Alinikuta nimesimama mbele ya mulango yake ya bati.

«Yaya, ingia.»

«Hapana. Hapa hapa. Professeur wa nini?»

Akaangalia chini. Akasema balimuuliza diplome. Balitaka muntu mwenye alisoma. Bangeona jina ya muchonga biti, bangesema ni masolo, hadisi za barabara, bangeitupa. Alitaka ipite.

«Na etiketi?»

«Bo njo baliandika professeur. Siyo miye.»

«Na weye ulisoma, ukanyamaza.»

Akageuza ufunguo mu mukono.

«Na Papa? Papa alikuomba diplome?»

Pale aliinua macho. Kiisha akasema kitu chenye sitasahau. Akasema: «Yaya, maisha yangu yote nimeandikia bantu bengine. Barua ya bengine. CV ya bengine. Mara moja tu, nilitaka kuona jina yangu chini ya kitu muzuri.»

Ningemupiga ingekuwa rahisi. Nilirudi na muguu, toka soko mupaka atelie. Nikakunja kiti chake. Nikakitundika ku musumari ya juu kabisa, karibu na bati.

Naandika wazi: ameniibia. Siyo karatasi. Ameniibia baba.


Siku ya Mungu, 7 mwezi wa sita

Misa sikusikia kitu.

Nyuma ya misa jirani Séverin, muuza mapneu ya gari, alikuja kukaa kwangu. Habari ilimufikia, mu Kenya habari haikose miguu. Akajinyoosha ku kiti, akasema: «Nilikuambia zamani, Papa Déo. Bale bantu ba Kasai banazaliwa vile.»

Niliona kiu ku uso yake. Anangojea niseme ndiyo. Na miye nilikuwa na hasira ya kutosha kuchoma nyumba. Ilikuwa pale, ku ulimi.

Mais nilikumbuka ile miaka bantu ba Kasai balikuwa banafukuzwa mu Katanga. Kabeya alilala nyuma ya hii atelie, yeye, bibi, batoto batatu. Majuma tatu. Nilipanga biti byote mbele ya mulango sawa ukuta. Batu balikuja, bakauliza, wengine balikuwa na fimbo. Nikabauzia kiti. Kweli. Kimoja. Séverin wakati ule alikuwa kijana, alisimama upande wa bale ba fimbo. Hatujazungumuza ile hata siku moja.

Nikamwambia: «Séverin, Kabeya njo aliniiba. Kasai haikuniiba. Kasai sijafika hata.»

«Nasema tu, papa.»

«Simama.»

«Eh?»

«Simama, nataka kukunja kiti.»

Akasimama. Nikakunja. Akaenda.

Kiisha nilikaa peke na hasira yangu, na haikupungua hata kidogo.


Siku ya posho, 13 mwezi wa sita

Niandike pole pole, kila kitu, mbele nianze kukipamba.

Sikutaka kuenda ku maonyesho. Mama Béa alinipigia koti pasi bila kuuliza. Alisema: «Bunduki ni ya baba mukwe wangu. Miye naenda. Weye baki na sufuria.» Nikaenda.

Salle imejaa. Basister, bantu ba université, bajeune na telefone. Kabeya mbele, mu koti, anaeleza. Anasema vizuri, yule muntu. Anasema vizuri kupita miye. Alifanya mukono ya Baisraeli yenye inasali, bantu bakaseka, na miye nikaseka mbele nikumbuke kama ile seko ilitoka kwangu. Ile njo iliuma kupita yote.

Kulikuwa muzee mumoja wa Bulaya, fimbo mukononi, masikio mekundu. Madame alisema alifanyaka kazi mu kiwanda ya silaha kule kwabo, ujana yake yote. Muzee alingojea bantu banyamaze. Kiisha akauliza na heshima, mu kifaransa. Kilimi. Ile kurasa inasema kilivumbuliwa huku. Yeye mwenyewe aliona michoro mu kiwanda, na kilimi kilikuwa pale mbele hata bunduki moja ifike Kongo. Aliomba kujua professeur alipata wapi ile habari.



Kabeya akafungua kurasa. Akafunga. Jasho mu baridi ya mwezi wa sita. Akatafuta na macho, akanipata, nyuma, karibu na mulango. Nilimuona sawa jeune wa Papa: ameegemea na waya ikarudi ndani.

Ningenyamaza. Mungu anajua nilitaka kunyamaza. Ilikuwa tamu mu kinywa, sawa kinywaji ya munkoyo. Angeanguka na pua mbele ya muji muzima, na miye sikumusukuma.

Mais nikafikiri. Uongo ile haikuwa yake. Aliniuliza ni kweli, nikamwambia andika. Ni zambi yangu ile, na hakuna muntu anaenda kuungama zambi ya mwenzake. Hata hiyo nimuachie? Alisha kuchukua kweli yangu yote. Achukue na uongo?

Nikapita katikati ya bantu. Nikasema:

«Muzee, samahani. Ile uongo ni yangu.»

Bantu bakageuka. Kifaransa yangu ni ya kuuzia biti, mais ilisimama.

«Yeye aliandika tu. Miye njo nilimudanganya. Mutie chini ya ile uongo jina yangu, Déogratias, fundi wa biti. Na mukitia pale, mutie na ku mwiko, na ku mende, na ku kila kitu kingine, juu vyote vilitoka mu kinywa moja.»

Wengine baliseka. Basister hapana. Nikahisi masikio yangu inakuwa mekundu kupita ya muzee. Miaka makumi sita najisifu mu hii muji, siku ya kwanza bantu mingi bananisikiliza pamoja, ni kwa kusema nilidanganya.

Nikaomba Madame afungue kioo. Nikatoa ile ya Babeleji. Nikamuonyesha muzee kilimi: rayon ya baiskeli, imepindwa, na pembeni herufi moja imechomwa na musumari ya moto, B. Nikamweleza mbao, mwezi wa saba, tundu yenye inapanuka, jeune mwenye anaanguka.

Muzee akavuta. Tak. Akaegemeza ku bega yake, pole pole, na bega ya kizee. Ikashika. Akagusa ile B na kidole. Kiisha akasema kule kiwandani hawakuwaka na shida ya mbao yenye inakauka, basi hakuna muntu aliitafutia dawa. Akauliza jina ya baba yangu. Akatoa kitabu kidogo.

B, nikasema. A. N. Z. A.

Nilipoinua macho, Kabeya hakuwa pale tena. Koti yake ilibaki ku kiti.


Siku ya Mungu, 14 mwezi wa sita

Kenya muzima inaniita Papa Uongo. Mama muuza tomson aliniuliza kama samaki yake ni ya kweli. Nikamwambia hata harufu yake ni ya kweli. Akaseka, akaniongezea mumoja.

Mama Béa alisema: «Nilijua utakamatwa siku moja. Sikujua utajikamata mwenyewe.»

Koti ya Kabeya ililetwa na Madame. Imetundikwa hapa.

Sijamusamehe. Watu banafikiri nilimuokoa. Sikumuokoa, nilikamata kitu yangu. Usiku nalala na ile neno yake, jina yangu chini ya kitu muzuri. Inanisumbua juu naisikia, naielewa. Naisikia muzuri sana. Juu ya nini nilitia chumvi, kama siyo njaa ile ile ya jina?

Bado inauma. Miaka makumi ine. Angeniomba tu, ningemupatia nusu. Ningemupatia yote, na ningejisifu kama nilimupatia.


Siku ya kwanza, 22 mwezi wa sita

Baridi. Riveti kumi na sita. Umeme uko.

Madame Odette alipita. Etiketi mupya iko ukutani tangu siku ya posho, akaniletea kopi. Inasema:

«Banza, fundi wa silaha. Mutoto wake Déogratias, fundi wa biti, alihadisia. Kilimi cha rayon ya baiskeli, kwa bunduki ya mbao tu. Aliandika: Kabeya, mwalimu wa primaire.»

Nikamuuliza nani alitunga. Akasema Mwalimu mwenyewe alileta, imepigwa tayari ku mashini yake. Hakukaa. Aliacha mu mulango.

Primaire. Aliandika mwenyewe.

Nimesoma na kidole mara tatu. Banza iko, mustari ya kwanza.

Mbele ya saa sita nilipanda ku meza, nikashusha kiti chake. Nimepangusa vumbi. Nimetia mafuta mu riveti, nimekifungua, nimekikunja. Hakilie. Koti nimeiweka juu yake.

Sikukifungua tena. Nimekitundika pamoja na koti. Siyo ku musumari ya juu. Nimepiga mupya, chini, fasi yenye mukono ya muntu mufupi inafika.